Reli ya makaa itabeba na mahindi?

Baba yangu mdogo anaishi Ludewa, upande wa Nkomang'ombe, kwenye vilima ambavyo tangu niko shule ya msingi tunaambiwa vimejaa makaa ya mawe. Analima mahindi, na kila msimu ukiisha anahangaika kutafuta lori la kuyatoa kule kwenda Njombe. Mwezi uliopita nilimpigia simu kumsalimia. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, habari za mjini, njema. Kabla sijaaga akanirushia swali: "Wewe si uko kwenye magazeti? Hiyo reli ya makaa wanayosema itapita kwetu, itabeba na mahindi?"

Nikacheka. Halafu nikanyamaza, kwa sababu sikuwa na jibu.

Aibu yangu ni kwamba siku chache kabla ya simu ile nilikuwa nimeandika habari kuhusu reli hiyo hiyo. Maneno 300. Ilikuwa na urefu wa reli, kilometa 1,000 hivi kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, na matawi ya kwenda Mchuchuma kwenye makaa na Liganga kwenye chuma. Ilikuwa na neno "mwekezaji" mara sita (nimehesabu baadaye). Mhariri aliipenda. Mahindi hayakutajwa, na wala mimi sikukumbuka kuuliza.

Kwa hiyo nimetumia majuma haya kutafuta jibu la baba mdogo, na nimelitafuta kwa jirani aliyetutangulia katika njia hii: Msumbiji. Haya ninayoandika hapa ndiyo yasiyoingia gazetini.

Sisi wa Dar tunadhani tunaijua Msumbiji. Tunajua Frelimo iliundwa hapa hapa mjini Juni 1962. Tunajua Eduardo Mondlane aliuawa hapa hapa kwa bomu Februari 1969. Wazee wetu wanaikumbuka kambi ya Nachingwea. Kisha unafika mwaka 1975, bendera inapanda, na kwetu hadithi inaishia hapo kama filamu. Yaliyotokea baadaye mkoani Tete hatukufundishwa darasani, ingawa kwa ramani Tete si mbali sana na Songea.

Tete ndiko kwenye Moatize, na Moatize ndiko kwenye makaa. Si makaa ya mchezo. Sehemu kubwa ni yale yanayotakiwa na viwanda vya chuma, ambayo bei yake ni kubwa kuliko ya makaa ya kuchoma kwenye mitambo ya umeme. Ila yamekaa ndani ya bara. Kwa reli ya Sena, kutoka Moatize hadi bandari ya Beira ni kilometa 575 hivi.

Na hapa ndipo penye kiini cha mambo yote. Dhahabu ya Geita inaweza kupanda ndege. Makaa hayapandi ndege. Tani moja ya makaa ni mzigo mkubwa wenye thamani ndogo, na kila kilometa inayosafiri inakula sehemu ya thamani hiyo. Makaa yaliyo pwani na makaa hayo hayo yaliyo kilometa 600 ndani ya bara ni vitu viwili tofauti sokoni, hata kama ukiyashika mkononi yanafanana. Ukinunua mgodi bila njia ya kufika baharini, umenunua shimo.

Watu wamekuwa wakijikwaa kwenye jambo hili jepesi kwa zaidi ya miaka 150.

David Livingstone alipoingia mto Zambezi na msafara wake mwaka 1858, alikuwa na mwanajiolojia kijana, Richard Thornton, ambaye alichunguza makaa ya karibu na Tete. Livingstone aliota kwamba Zambezi itakuwa barabara ya meli, bidhaa za kutoka bara zishuke na bidhaa za Ulaya zipande. Mto ukamkatalia. Huku chini ulijaa mchanga na maji machache kiasi kwamba meli yake ndogo, Ma Robert, ilikwama mara kwa mara. Huko juu kulikuwa na maporomoko ya Cahora Bassa. Makaa yakabaki ardhini. Ukumbuke habari hii ya meli mtoni, maana itarudi.

Sasa njoo karne ya ishirini, kwenye kisa ambacho nadhani kila anayesaini mkataba wa reli angesomewa kwa sauti. Mwanahistoria Leroy Vail alikiandika kwa kirefu mwaka 1975. Kinahusu nchi ambayo leo ni Malawi, wakati huo ikiitwa Nyasaland.

Mwaka 1922 ilifunguliwa reli iliyoitwa Trans-Zambezia, kutoka karibu na Beira hadi ukingo wa kusini wa Zambezi. Yote, mwanzo hadi mwisho, ilikuwa ndani ya eneo la Wareno. Aliyekuwa nyuma yake ni Libert Oury, mtu wa fedha wa London, ambaye pia alikuwa kigogo wa Kampuni ya Msumbiji, ile kampuni iliyotawala Manica na Sofala kama shamba lake. Na unajua nani alidhamini riba ya fedha zilizojenga reli ile? Serikali ya kikoloni ya Nyasaland. Soma tena polepole: koloni maskini lisilo na bahari lilidhamini reli ambayo haikuwa na hata mita moja ndani ya mipaka yake, inayomilikiwa na kampuni ya watu wengine, ili ifikishe mizigo kwenye bandari ya watu wengine.

Reli ikikosa mzigo wa kutosha, riba haisamehewi. Inadaiwa kwa mdhamini. Na mdhamini fedha zake anazipata wapi? Kodi ya kibanda. Mkulima wa Zomba au Mlanje aliyelipa kodi ile hakuwahi kuisikia Trans-Zambezia, lakini ilikuwa ikila mfukoni mwake.

Ungedhani wangejifunza. Badala yake likaja daraja. Reli ya kutoka kusini iliishia ukingo mmoja wa Zambezi na ya kutoka Nyasaland iliishia ukingo wa pili, na katikati mizigo ilivushwa kwa vivuko. Wenye reli wakataka daraja, na miongoni mwa hoja zilizopigiwa debe ni kwamba makaa ya Tete yangepita juu yake na kulilipia. Daraja likafunguliwa mwaka 1935, zaidi ya kilometa 3.6, mojawapo ya madaraja marefu kabisa ya reli duniani kwa wakati ule. Nimeona picha zake, ni kazi ya kushangaza. Wahandisi hawakuwa na kosa lolote.

Kosa lilikuwa kwenye hesabu. Tawi la reli la kwenda Moatize lenyewe lilikamilika mwaka 1949. Miaka 14 daraja la makaa lilisimama likisubiri makaa, na mzigo wa deni ukaendelea kuwaelemea watu wa Nyasaland. Unaona ujanja wake? Makaa yalikuwepo kweli, hakuna aliyedanganya juu ya hilo. Ila makaa yaliyomo ardhini yalitumika kama dhamana ya deni la leo, na siku ya kulipa ilipofika, yalikuwa bado ardhini.

Baada ya hapo nitakwenda haraka. Wareno walichimba kwa miongo miwili na ushei, si kwa wingi mkubwa. Uhuru ulipokuja, migodi ya chini kwa chini ya Moatize ilipata milipuko miwili mibaya sana, 1976 na 1977, ikaua watu zaidi ya 100. Mwaka 1978 serikali ikataifisha uchimbaji. Halafu vita. Renamo waliijua thamani ya reli kuliko wachumi wengi: katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wameikata reli ya Sena, daraja likaharibiwa, na mabomu yakatandazwa ardhini kandokando ya njia. Makaa yakakaa kimya tena kwa miaka ishirini. Lile daraja likatengenezwa miaka ya 1990 likawa la magari, njia moja, mnasubiriana. Na kipande cha upande wa Malawi, ambacho wakulima wale walikilipia kwa kodi zao? Mafuriko ya 1997 yalikisomba pale Chiromo, na treni zikakatika kwa zaidi ya miaka 20.

Mwaka 2004 ndipo mambo yalipoanza upya. Na yalianza kwa namna ambayo mimi, kwa akili yangu ya digrii ya kwanza, bado nashindwa kuielewa.

Serikali ya Msumbiji ilikuwa na vitu viwili vya kutoa, mgodi na reli. Mgodi wa Moatize ulikwenda kwa Vale ya Brazil (enzi hizo ikiitwa CVRD), iliyoshinda zabuni Novemba 2004 kwa takriban dola milioni 123 za Marekani. Reli ya Sena, pamoja na ile ya Machipanda, ilikwenda mwaka huo huo kwa ubia wa kampuni mbili za serikali ya India, RITES na IRCON, zikiwa na asilimia 51, na shirika la reli la Msumbiji, CFM, likiwa na 49. Mkataba wa miaka 25. Benki ya Dunia ikatoa mkopo wa ukarabati.

Yaani mlango ulipewa mtu mmoja na ufunguo akapewa mwingine. Mwenye mgodi alikuwa na haraka. Mwenye reli hakuwa nayo, na kusema kweli alikuwa na sababu: mabomu ya kuteguliwa, madaraja ya kujenga upya, njia iliyomezwa na msitu. Tarehe zikapita. Ubora wa kazi ukalalamikiwa. Mwishoni mwa 2010 serikali ikatangaza kuuvunja mkataba, na mwaka uliofuata CFM ikaishika reli yenyewe. Treni ya kwanza ya makaa ya Vale iliondoka Moatize Agosti 2011, kwenye reli ambayo hata ilipofunguliwa haikutosha kubeba sehemu ndogo ya makaa yaliyokuwa yakipangwa kuchimbwa.

Lakini nani alijali? Ulikuwa mwaka 2011! Mafuriko ya Queensland yalikuwa yamezamisha migodi ya Australia, China ilikuwa inajenga usiku na mchana, na katika robo ya pili ya mwaka bei ya makaa ya chuma kwenye mikataba ilifika dola 330 kwa tani. Tete mjini hoteli zilijaa Wabrazili, Waaustralia na Waafrika Kusini. Kwa bei ile hata makaa yaliyoko mwezini yangeonekana karibu.

Katika homa hiyo ndipo Rio Tinto, moja ya kampuni kubwa kabisa za madini duniani, iliinunua Riversdale ya Australia iliyokuwa na maeneo ya makaa jirani na Vale. Bei: dola bilioni 3.7. Na unajua walipanga kuyatoaje makaa yao? Kwa mashua kubwa za kukokotwa, kushuka mto Zambezi hadi baharini. Naam, ule ule wa Livingstone. Walikuwa na wahandisi, wanasheria, kompyuta na mabenki nyuma yao, na mpango wao ulisimama juu ya mto ambao Ma Robert ilikwama mwaka 1858. Serikali ya Msumbiji ikakataa kuwapa kibali, kwa sababu za mazingira. Ikabaki reli ya Sena, ambayo nafasi yake ilikuwa finyu na Vale alikuwa ameshapanda.

Januari 2013 Rio Tinto ilitangaza kufuta dola bilioni 3 hivi kwenye vitabu vyake kwa ajili ya Msumbiji, na mkurugenzi mkuu wake, Tom Albanese, akaondoka. (Hasara ya aluminium nayo ilikuwa kubwa zaidi, tusimbebeshe Tete peke yake.) Mwaka uliofuata waliuza mali ile kwa kampuni ya ubia ya mashirika ya India, ICVL. Kwa dola milioni 50. Kutoka bilioni 3.7 hadi milioni 50 katika miaka mitatu. Hakuna aliyeiba makaa, yalikuwa pale pale ardhini. Mwaka 2017 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani iliwashtaki kwa madai ya kuwaficha wanahisa hali halisi, na mwaka 2023 Rio Tinto ikakubali kulipa dola milioni 28 kumaliza kesi. Uingereza nako ilikwishatozwa faini ya pauni milioni 27.4. Fedha hizo zilitokana na kilio cha wenye hisa. Wa Tete hawakuwa kwenye kesi.

Vale wao waliona mbali kidogo. Walisema, kama reli ndiyo kila kitu, basi tutajenga ya kwetu. Wakageuza kichwa kutoka Beira, ambayo bandari yake inaziba mchanga na kuhitaji kuchimbwa kila mara, wakaelekea kaskazini mashariki kwenye ghuba ya Nacala, yenye kina cha asili kinachopokea meli kubwa. Tatizo ni kwamba kati ya Moatize na Nacala imekaa Malawi. Wakapita ndani ya Malawi: kilometa 137 za reli mpya kabisa kwenye ardhi ya Wamalawi, kisha wakaunganisha na reli ya zamani iliyokarabatiwa hadi baharini. Kilometa 912 kwa jumla. Gharama ya reli na bandari, zaidi ya dola bilioni 4. Ikazinduliwa rasmi Mei 2017, Rais Nyusi akiwepo.

Mwaka juzi nilisafiri kwa basi kutoka Blantyre kwenda Tete, kupitia mpaka wa Mwanza (Mwanza ya Malawi, wasukuma mtulie). Tulipofika Moatize nilishuka kunyoosha miguu. Treni ikapita. Nikaanza kuhesabu mabehewa, nikapoteza hesabu, nikaanza tena, nikaacha. Ni mwendo wa polepole na mzito, ardhi unaisikia kwenye soli za viatu. Mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi alifunika beseni lake kwa kanga hadi mkia wa treni ulipopita, kisha akalifunua na kuendelea na wateja. Alifanya hivyo bila kuitazama treni, kama mtu anayefunga dirisha mvua ikianza.

Sasa ngoja niseme jambo ambalo wenzangu wengi wa chuo hawatalipenda. Tumezoea hadithi ya kwamba mwekezaji anakuja, anachota, anatajirika, anaondoka. Kwa Moatize hadithi hiyo ina walakini. Wawekezaji walipata hasara za kutisha. Mwanzoni mwa 2016 makaa yale ya dola 330 yalikuwa yameshuka hadi dola 81. Vale iliwaingiza Mitsui wa Japani kama wabia, na mwaka 2017 wakapata mkopo wa dola bilioni 2.73 kutoka kwa mabenki yakiongozwa na benki ya serikali ya Japani, pamoja na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Miaka michache baadaye, Januari 2021, Vale ikatangaza inaachana na makaa kabisa. Ikazinunua hisa za Mitsui za mgodini kwa dola moja, na za reli kwa dola nyingine moja. Dola moja! Chapati na chai hapa Posta. Ikalibeba deni la reli lililobaki, dola bilioni 2.5 hivi, halafu Desemba mwaka huo huo ikakubali kuuza kila kitu, mgodi na ushoroba, kwa kampuni ya Vulcan ya kundi la Jindal la India, kwa dola milioni 270. Mauzo yakakamilika Aprili 2022.

Yaani Jindal wamepata mgodi, reli ya kilometa 912 na bandari kwa fedha ambazo zisingejenga hata sehemu ya kumi ya reli hiyo. Na wakati huo huo, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, bei za makaa zikapaa. Bahati ina wenyewe.

Kwa hiyo sisemi kwamba mwekezaji hapati hasara. Ninachosema ni kwamba hasara ya mwekezaji ina mlango wa kutokea. Anaiandika kwenye vitabu, anauza kwa dola moja, anapanda ndege. Kuna watu wa Moatize ambao hasara yao haina mlango.

Kati ya 2009 na 2010 Vale ilizihamisha kaya 1,365 kupisha mgodi. Nyingine zilipelekwa mtaa uitwao 25 de Setembro pale pale mjini, na zaidi ya 700 zikapelekwa Cateme, kama kilometa 40 kutoka Moatize. Kwenye karatasi Cateme ilikuwa mahali pazuri, nyumba za matofali, shule, zahanati. Kwa vitendo nyumba zikaanza kupata nyufa, maji yakawa ya shida, na ardhi waliyogawiwa ilikuwa duni kuliko ile ya karibu na mto waliyoiacha. Halafu kuna jambo ambalo hata Human Rights Watch walilieleza kwenye ripoti yao ya mwaka 2013: mtu aliyezoea kuuza kuni, mkaa au mboga Moatize mjini sasa alikuwa kilometa 40 kutoka kwa wateja wake.

Januari 10, 2012, watu wa Cateme walifanya kitu. Hawakwenda kwenye ofisi ya kampuni wala kwa mkuu wa wilaya, huko walikwishakwenda. Walikwenda kukaa kwenye reli. Treni za makaa zikasimama. Polisi wakaja, wakapiga watu, wakakamata wengine. Lakini baada ya siku ile ukarabati wa nyumba ulianza kuzungumzwa kwa lugha nyingine. Renamo nao, katika mgogoro mpya wa 2013, walitishia reli hiyo hiyo ya Sena, na Rio Tinto ikasimamisha treni zake kwa muda. Wakulima na wapiganaji, watu wasio na uhusiano wowote, wote waliona koo la mradi liko wapi.

Nimerudi kwenye mahindi sasa.

Ushoroba wa Nacala ulipangiwa kubeba tani milioni 22 kwa mwaka. Kati ya hizo milioni 18 ni za makaa, na milioni 4 kwa shehena nyingine zote: mbolea, saruji, mafuta, tumbaku ya Malawi, na ndiyo, mahindi. Hivyo jibu la kwanza la swali la baba mdogo ni kwamba inawezekana. Mkataba ukisema kuna nafasi kwa wengine, nafasi ipo. Malawi walipata angalau hilo, tofauti na babu zao waliolipia reli ya Oury.

Ila nafasi kwenye karatasi na mahindi kwenye behewa ni vitu viwili. Mzigo wa makaa unapakiwa sehemu moja na kushushwa sehemu moja, mabehewa hayo hayo, kila siku. Mwenye reli anaupenda kama mwenye daladala anavyoupenda msafara wa harusi uliokodi gari zima. Magunia 200 ya mzee wa kijijini yanataka kituo, ghala, wapakiaji, behewa la aina nyingine, na treni isimame mahali ambapo haikupanga kusimama. Nani atajenga kituo hicho? Kama mwenye reli ndiye mwenye makaa, hana sababu, isipokuwa amelazimishwa tangu siku ya kusaini. Na akiwa mmiliki wa vyote viwili, kuna jingine: tozo ya kusafirisha anajilipa mwenyewe. Anaweza kuipandisha, faida ya mgodi ikaonekana ndogo, na kodi ya faida ikapungua. Sisemi Vale walifanya hivyo, sina ushahidi. Nasema mlango huo uko wazi, na mkaguzi wa serikali anatakiwa ajue uko wapi.

Sisi wenyewe tuna kipimo cha upande wa pili. TAZARA ilijengwa kwa ajili ya shaba ya Zambia, kilometa 1,860, kwa mkopo wa China usio na riba. Kibiashara imetusumbua sana, hilo halina ubishi. Lakini ilijengwa na vituo vya kila aina, na treni ya kawaida ilisimama vijijini. Watu wakahamia kandokando ya njia, Mlimba na kwingineko Kilombero wakasafirisha mpunga, ndizi, kuku na mahindi yao. Shaba ilikuwa ndiyo sababu ya reli, ndizi hazikuombwa ruhusa.

Na Ludewa? Septemba 2011, katika homa ile ile ya bei iliyompagawisha Rio Tinto, shirika letu la NDC lilisaini na Sichuan Hongda ya China mradi wa Mchuchuma na Liganga wa dola bilioni 3. Hongda asilimia 80, sisi 20. Zaidi ya miaka kumi ikapita bila makaa ya mradi ule kuchimbwa. Wanakijiji walifanyiwa tathmini ya mali zao, wakaambiwa wasiendeleze maeneo, wakasubiri. Fidia ilianza kulipwa mwaka 2023. Wakati huo makaa ya Ngaka kule Ruvuma yakawa yanashuka kwa malori hadi bandari ya Mtwara, na mwaka 2022 meli zikayapeleka hadi Ulaya. Malori! Hapo utajua bei ilikuwa juu kiasi gani. Bei ikishuka, lori ndilo la kwanza kusimama, na ndipo kelele za reli zinapopanda tena.

Juzi nilimpigia tena baba mdogo. Nikamweleza yote haya kwa kifupi, yaani si kwa kifupi sana, salio liliisha nikaongeza. Nikamwambia reli inaweza kubeba mahindi kama mkataba utasema kuna kituo Ludewa na nafasi ya mizigo mingine, na kama serikali haitaweka dhamana ya kulipa siku makaa yakikosa soko, maana siku hiyo ikifika watakuja kumdai yeye. Akauliza mkataba huo uko wapi ausome. Nikamwambia sijauona. Akauliza kama sisi wa magazeti tumeuomba. Nikasema nitauomba, na barua nimeipeleka Jumatatu, nina nakala yenye mhuri wa mapokezi.

Kisha akataka kujua gunia linauzwaje Dar. Jumamosi naenda Tandale kumwangalizia.